Wakubwa Walipokubali Kugawana: Karne ya NFL

Tarehe 17 Septemba 1920, wenye timu za futiboli ya Kimarekani kutoka majimbo ya Ohio, Illinois, Indiana na New York walikutana mjini Canton, Ohio, ndani ya duka la magari la Ralph Hay. Viti havikutosha, wengine wakakaa kwenye vibao vya kupandia magari yaliyokuwa yakiuzwa humo. Walikubaliana jina la chama chao, wakamchagua Jim Thorpe, mwanariadha aliyevuma kuliko wote wakati ule, awe rais, na wakapanga kiingilio cha dola 100 kwa kila timu. Miaka miwili baadaye chama hicho kikaitwa National Football League, NFL. Kati ya timu zilizowakilishwa siku ile, ni mbili tu zilizobaki hai: Staleys wa Decatur, ambao leo ni Chicago Bears, na Cardinals, walioanzia Chicago na sasa wako Arizona. Nyingine zote zimekufa, wakiwemo Akron waliokuwa mabingwa wa kwanza. Leo ligi ina timu 32, na mikataba ya televisheni iliyotiwa saini mwaka 2021 kwa miaka 11 ina thamani ya zaidi ya dola bilioni 100.

Wanaosimulia safari hiyo kwa kawaida hutaja mambo mawili: ubunifu wa makocha uwanjani na nguvu ya televisheni. Yote mawili ni kweli, lakini hayatoshi. Ninachotetea hapa ni kwamba uvumbuzi mkubwa wa NFL ulifanyika mezani, pale wenye timu tajiri walipokubali, mara mbili, kujinyima leo ili wapinzani wao wawe hai kesho. Mara ya kwanza walitoa haki ya kusajili wamtakaye. Mara ya pili walitoa fedha za televisheni. Makubaliano hayo ndiyo yaliyoijenga taasisi. Ni hayo hayo pia yaliyowaumiza watu ambao hawakualikwa mezani, na historia ya ukumbusho isiyosema hivyo haistahili kuchapishwa.

Katika miaka ya 1920 sheria ya mchezo huu ilikuwa mwenye nguvu mpishe. Timu ziliibuka na kufa kila msimu, wachezaji walihama kufuata malipo ya wiki, na watazamaji waliona futiboli ya kweli ni ile ya vyuo vikuu. Joe Carr, aliyeiongoza ligi kuanzia 1921 hadi alipofariki mwaka 1939, aliweka mkataba mmoja kwa wachezaji wote, akakataza kusajiliwa kwa wanafunzi ambao hawajamaliza masomo, na akaisogeza ligi taratibu kutoka miji midogo ya viwanda kwenda miji mikubwa. Mwishoni mwa 1925 George Halas wa Bears alimsajili Red Grange, nyota wa Chuo Kikuu cha Illinois, akazunguka naye nchi nzima. Mechi yao ya New York ilijaza watu zaidi ya 65,000 katika uwanja wa Polo Grounds na kumwokoa Tim Mara, mmiliki wa Giants, aliyekuwa akielekea kufilisika. Hata hivyo nyota mmoja hawezi kulisha ligi nzima. Timu za miji midogo ziliendelea kufa au kuhama, kama Portsmouth ya Ohio iliyouzwa na kwenda Detroit mwaka 1934. Green Bay, mji mdogo wa Wisconsin, ulinusurika kwa sababu mwaka 1923 wakazi wenyewe walinunua hisa za timu yao, na hadi leo ni mali ya wanahisa wasiolipwa gawio.

Uwanjani, ubunifu haukukosekana. Desemba 1932, kwa sababu ya baridi kali, Bears na Portsmouth waliamua ubingwa ndani ya ukumbi wa Chicago Stadium, kwenye uwanja wa yadi 80. Bears walishinda 9–0 kwa pasi ya Bronko Nagurski kwenda kwa Grange, pasi ambayo Portsmouth walilalamika kuwa haikurushwa kutoka yadi tano nyuma ya mstari kama sheria ilivyotaka. Mwaka uliofuata ligi ikaacha kufuata sheria za vyuo: pasi ya kwenda mbele ikaruhusiwa kutoka popote nyuma ya mstari, ligi ikagawanywa makundi mawili, na fainali ikaanzishwa. Hapo ndipo mchezo wa kusukumana ulipoanza kuwa mchezo wa anga. Mwaka 1940 Bears, kwa mpangilio wa wachezaji ulioitwa T, ulionolewa na Clark Shaughnessy, waliifunga Washington 73–0 katika fainali. Baada ya vita Paul Brown wa Cleveland aliigeuza timu kuwa darasa: wachezaji waliandika madaftari, walipimwa akili, walitazama filamu za mechi, na kila shambulizi lilipelekwa uwanjani na mchezaji aliyetumwa na kocha. Mwaka 1950, msimu wao wa kwanza katika NFL, Browns walitwaa ubingwa. Sid Gillman akatanua mchezo wa pasi ndefu, na Bill Walsh, aliyefanya kazi chini ya Brown huko Cincinnati, akabuni pasi fupi za kupimwa kwa hatua ambazo San Francisco walizitumia kutwaa mataji katika miaka ya 1980.

Lakini tazama kilichotokea kwa kila ubunifu wa namna hiyo. Baada ya 73–0, karibu kila timu iliiga mpangilio wa T. Filamu na madaftari ya Brown yakawa kawaida ya ligi nzima. Wasaidizi wa Walsh wakawa makocha kwingine na kubeba mbinu zake mikobani. Mbinu ya uwanjani humnufaisha mwenye nayo kwa misimu michache, kisha inakuwa mali ya wote. Haiwezi kueleza kwa nini timu ya mji mdogo haikufa, wala kwa nini ligi hii ilizipita nyingine zilizokuwa na makocha werevu vile vile. Maelezo hayo yako katika vikao.

Mwaka 1935 Bert Bell, mmiliki wa Philadelphia Eagles, alikuwa na timu mbovu na mfuko mwepesi. Wachezaji bora wa vyuo walikwenda Chicago, New York na Green Bay, kwa sababu timu zinazoshinda ndizo zilizolipa vizuri, na zilizolipa vizuri ndizo zilizoendelea kushinda. Bell alipendekeza kwamba kila mwaka majina ya wanaomaliza vyuo yawekwe pamoja, na timu zichague kwa zamu, iliyoshika mkia ikitangulia na bingwa akimalizia. Ni rahisi kuona kwa nini Bell alitaka hivyo. La kushangaza ni kwamba Halas na Mara, waliokuwa na kila sababu ya kukataa, walikubali. Waliona kuwa mashabiki wa Chicago hawatalipa kiingilio kutazama Bears wakiwabomoa vibonde kila Jumapili. Uchaguzi wa kwanza ulifanyika Februari 1936 katika hoteli ya Ritz-Carlton mjini Philadelphia. Aliyetajwa wa kwanza, Jay Berwanger wa Chuo Kikuu cha Chicago, hakucheza hata mechi moja ya kulipwa. Malipo ya futiboli yalikuwa madogo kiasi kwamba kijana msomi alipata kazi bora kwingineko. Bell alipokuwa kamishna mwaka 1946, aliendeleza fikra ile ile katika ratiba: mwanzoni mwa msimu alikutanisha wadhaifu kwa wadhaifu na wenye nguvu kwa wenye nguvu, ili matumaini yasife mapema katika mji wowote.

Makubaliano ya pili yalikuwa magumu zaidi, kwa sababu yalihusu fedha taslimu. Mwaka 1950 Los Angeles Rams walirusha mechi zao zote za nyumbani kwenye televisheni, na watazamaji uwanjani wakapungua karibu nusu. Bell akakataza mechi kuonyeshwa katika mji unaochezewa, na mwaka 1953 Jaji Allan Grim wa mahakama ya shirikisho akaikubali sehemu hiyo ya sheria yake. Kisha ikaja fainali ya tarehe 28 Desemba 1958 katika uwanja wa Yankee, ambapo Johnny Unitas aliiongoza Baltimore kuifunga Giants 23–17 katika muda wa nyongeza, mbele ya mamilioni ya watu majumbani. Kila mtu akaelewa kuwa utajiri uko kwenye kioo. Swali likabaki: utajiri wa nani? Wakati ule kila timu iliuza mechi zake yenyewe. New York, yenye soko kubwa kuliko yote, ingeweza kuvuna mara kadhaa ya Green Bay, na pengo lingekuwa likipanuka kila mwaka.

Bell alifariki Oktoba 1959 akitazama mechi mjini Philadelphia. Januari 1960, baada ya kura 23, wenye timu walimchagua Pete Rozelle, meneja wa Rams mwenye umri wa miaka 33, aliyekubalika hasa kwa kuwa hakuwa na maadui wakubwa. Rozelle aliwaendea Wellington Mara na kaka yake Jack wa New York, Halas wa Chicago na Dan Reeves wa Los Angeles, akawaomba wauze haki zao kwa pamoja na kugawana sawa kwa sawa. Wakakubali. Jaji Grim alipoubatilisha mkataba wao wa kwanza na kituo cha televisheni cha CBS mwaka 1961, kwa kuwa ulivunja sheria za kuzuia ukiritimba, Rozelle alikwenda Washington, na tarehe 30 Septemba mwaka huo Rais Kennedy akatia saini sheria iliyoruhusu ligi za michezo kuuza matangazo kwa pamoja. Mkataba wa msimu wa 1962 ulikuwa wa dola milioni 4.65 kwa mwaka. Ukigawanya kwa timu 14, kila moja ilipata takriban dola 330,000, iwe ya New York au ya Green Bay. Kufikia 1964 mkataba ulikuwa umefika dola milioni 14.1 kwa mwaka. Mara alitoa sehemu ya keki yake na akaishia kula zaidi ya alichokuwa nacho mwanzo.

Mtu atasema: televisheni ingeleta fedha hizo hata bila kugawana. Ingeleta fedha, ndiyo, ila zingekwenda kwa wachache. Besiboli ilikuwa mchezo mkubwa kuliko futiboli katika miaka ya 1950, nayo ilikuwa na televisheni ile ile. Timu zake ziliendelea kushikilia mapato ya matangazo ya nyumbani, na pengo kati ya New York na miji ya kati limekuwa malalamiko ya besiboli hadi leo. Msomaji anayefuatilia Ligi Kuu ya Uingereza anaijua hesabu hii: pale, tangu 1992, nusu ya fedha za matangazo ya ndani ndiyo iliyogawanywa sawa, na nusu nyingine ikafuata nafasi katika msimamo na idadi ya mechi zilizoonyeshwa. Wamarekani, taifa linalosifiwa kwa kushindana bila huruma, walichagua njia ya usawa zaidi kuliko Waingereza. Green Bay ndiyo ushahidi. Chini ya kocha Vince Lombardi ilitwaa mataji matano kati ya 1961 na 1967, na ilipofika miaka ambayo vipaji vyake viliisha, haikuhama wala kufilisika.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: sifa hii si ya NFL peke yake. American Football League, iliyoanzishwa na Lamar Hunt wa Texas baada ya NFL kukataa kumpa timu, iligawana sawa fedha za kituo cha televisheni cha ABC tangu msimu wake wa kwanza wa 1960, kabla Rozelle hajafanya hivyo. Hilo ni kweli, na linapaswa kusemwa waziwazi. AFL ilifanya jingine la heshima: ilitafuta wachezaji katika vyuo vya Wamarekani weusi ambavyo NFL ilivipuuza, na Lloyd Wells wa Kansas City akawa msaka vipaji aliyevijua vizuri vyuo hivyo. Ligi hizo mbili zilikubaliana kuungana Juni 1966, zikakutanisha mabingwa wao kwa mara ya kwanza Januari 1967 katika mechi ambayo leo dunia inaiita Super Bowl, na zikawa ligi moja mwaka 1970. Kwa maoni yangu hili linaitia nguvu hoja badala ya kuidhoofisha. Wapinzani wawili waliotofautiana karibu katika kila kitu walifikia jibu moja kuhusu fedha.

Sasa tuingie upande wa giza. Mezani panapoweza kufikiwa makubaliano mema, mabaya nayo huweza kufikiwa, tena bila kuandikwa. Akron, bingwa wa 1920, iliongozwa na Fritz Pollard, Mmarekani mweusi ambaye mwaka 1921 alikuwa mchezaji na kocha kwa pamoja. Kuanzia 1934 hadi 1945 hakuna mtu mweusi hata mmoja aliyecheza NFL. Hakuna waraka uliopatikana unaoamuru hivyo, na wenye timu walikana kuwapo kwa mpango wowote. Lakini miaka 12 bila mchezaji hata mmoja, wakati vyuo vilikuwa na Kenny Washington wa UCLA aliyetikisa nchi, haiwezi kuwa bahati mbaya. Ukuta ulivunjika mwaka 1946 kwa shinikizo la nje: Rams walipohamia Los Angeles, waandishi weusi, akiwemo Halley Harding, walidai kwamba uwanja wa Coliseum uliojengwa kwa fedha za umma usitumiwe na timu inayobagua. Rams wakamsajili Washington, kisha Woody Strode. Mwaka huo huo Paul Brown aliwachukua Marion Motley na Bill Willis. George Preston Marshall wa timu ya Washington alishikilia ubaguzi hadi 1962, serikali ya Kennedy ilipotishia kumnyima uwanja uliokuwa juu ya ardhi ya shirikisho. Kwa Rams na kwa Marshall, kilichowalazimisha ni mlango wa uwanja wa umma.

Wachezaji nao, weupe kwa weusi, walikuwa nje ya makubaliano. Uchaguzi wa zamu uliosawazisha timu ulimnyima kijana haki ya kuchagua mwajiri. Chini ya sheria iliyokuja kuitwa kwa jina la Rozelle, mchezaji aliyemaliza mkataba na kuhama alimlazimisha mwajiri mpya kulipa fidia iliyopangwa na kamishna, hivyo karibu hakuna aliyehama. Wanaoiita NFL genge la wafanyabiashara wana haki hapa: usawa kati ya matajiri ulilipiwa na wafanyakazi wao. John Mackey, mchezaji mahiri wa Baltimore na rais wa chama cha wachezaji, aliishtaki ligi na kushinda. Mwaka 1976 mahakama ya rufaa ilithibitisha kwamba sheria hiyo ilikuwa haramu. Lakini uhuru wa kweli ulichelewa. Migomo ya 1982 na 1987 ilishindwa kuuleta, na mwaka 1987 wenye timu walicheza mechi tatu kwa wachezaji wa kuokoteza. Ni kesi ya mchezaji Freeman McNeil na wenzake, iliyoamuliwa na baraza la wazee wa mahakama mjini Minneapolis mwaka 1992, iliyowalazimisha wakubwa kukaa chini. Mwaka 1993 wachezaji walipata ruhusa ya kuhama, na mwaka 1994 kikawekwa kikomo cha mishahara, dola milioni 34.6 kwa kila timu, kikihesabiwa kutokana na mapato ya ligi.

Wakati wa mvutano huo wenye timu walionya kwamba uhuru wa kuhama ungeziua timu za miji midogo. Yaliyotokea yalikuwa kinyume. Mchezaji aliyetafutwa kuliko wote mwaka 1993, Reggie White, alikwenda Green Bay, na Januari 1997 timu hiyo ikatwaa Super Bowl. Kugawana fedha za televisheni kuliipa uwezo wa kumlipa. Hivyo basi, haikuwa lazima kuwafunga wachezaji ili kuzilinda timu ndogo. Hilo ndilo jibu langu kwa wanaodai kwamba mfumo huu hauwezi kusimama bila kumnyonya mtu. Na wanaoinyooshea kidole New England, iliyotwaa mataji sita kati ya 2002 na 2019, wakumbuke kwamba nyota wao, Tom Brady, alichaguliwa wa 199 mwaka 2000. Timu zote ziliweza kumchukua. Palipo na ufa halisi ni kwenye vyumba vya kifahari viwanjani, ambavyo mapato yake hayagawanywi. Kwa sababu hiyo wenye timu hukimbilia mji wowote utakaowajengea uwanja kwa kodi za wananchi, kama Baltimore walivyoona timu yao ikiondoka usiku mwaka 1984. Pale makubaliano yalipoishia, ulafi ulianzia.

Deni lililobaki ni la afya. Mwaka 2002 huko Pittsburgh, Dk. Bennet Omalu, mzaliwa wa Nigeria, aliuchunguza ubongo wa Mike Webster, mchezaji mstaafu aliyefariki akiwa na umri wa miaka 50, akakuta uharibifu unaotokana na kugongwa kichwa mara kwa mara. Alichapisha matokeo yake mwaka 2005. Kamati ya madaktari ya ligi ilidai makala hayo yafutwe, na ni mwaka 2016 tu ofisa wa NFL alipokiri mbele ya Bunge la Marekani kwamba mchezo huu una uhusiano na uharibifu huo wa ubongo. Fidia kwa wastaafu, iliyoidhinishwa na mahakama mwaka 2015, imepita dola bilioni 1, lakini miaka ya kukanusha hairudi. Mackey mwenyewe alipatwa na maradhi ya kusahau. Mke wake Sylvia aliiandikia ligi, na mwaka 2007 ukaanzishwa mpango wa kugharimia matunzo ya wastaafu wenye maradhi hayo, ukapewa namba 88 ya jezi ya mumewe. Mackey alifariki mwaka 2011.

Katika jumba la kumbukumbu za heshima la Canton, Rozelle aliingizwa mwaka 1985. Mackey, aliyestaafu baada ya msimu wa 1972, alisubiri hadi 1992, na Pollard, ambaye timu yake ilikuwa bingwa wa kwanza kabisa, aliingizwa mwaka 2005, miaka 19 baada ya kufa. Mpangilio huo wa miaka si wa haki. Rozelle, Mara na Halas waliwafundisha wakubwa kugawana wao kwa wao. Pollard, Washington, Mackey na McNeil waliwalazimisha kugawana na wengine, na bila wao NFL ingebaki kuwa klabu ya matajiri. Wanaoandaa kumbukumbu za karne ya pili ya ligi hii wayaweke majina hayo ukurasa mmoja, kwa herufi za ukubwa mmoja.